Wengi Wape, Wachache Wasikilizwe: Historia Fupi ya Kura ya Maoni, Nyumbani na Hapa Ugenini

Tunaposherehekea miaka 63 ya Uhuru wa Tanganyika hapa Sydney, mwaka huu wa 2024 umetuletea pia kumbukumbu nyingine mbili. Mwezi Aprili Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulitimiza miaka 60. Mwezi Oktoba ilitimia miaka 10 tangu Bunge Maalumu la Katiba lipitishe Katiba Inayopendekezwa, ambayo wananchi walipaswa kuipigia kura ya maoni mwaka 2015 na mpaka leo hawajaipigia. Uhuru, Muungano na Katiba ni nguzo tatu za nchi tuliyotoka. Katika zote tatu, hakuna hata moja ambayo Watanzania wote waliitwa kwenye sanduku la kura wakaulizwa swali moja: ndiyo au hapana?

Watoto wetu waliokulia hapa wanaliona jambo hili kuwa la ajabu. Wale waliotimiza miaka 18 walikwenda vituoni tarehe 14 Oktoba 2023, wakapanga foleni kwenye ukumbi wa shule, wakanunua soseji na mkate pale nje, wakaandika jibu lao kuhusu kubadili Katiba ya Australia. Wakirudi nyumbani wanatuuliza: "Kwa nini huku tunaulizwa, na huko kwenu hamkuulizwa?" Swali hilo linastahili jibu la kweli, si la kuwanyamazisha. Ndiyo maana tumeandika makala haya.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Katika siasa za nyumbani, wengi wakisikia "kura za maoni" hufikiria zile za ndani ya chama, za kuwateua wagombea ubunge na udiwani. Hapa hatuzungumzii hizo. Tunazungumzia kura ambayo wananchi wote wenye sifa wanapiga, si kumchagua mtu, bali kuamua jambo.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: kura ya maoni ni muhuri. Muhuri ni kitu cha lazima, maana barua isiyo na muhuri inaweza kukataliwa wakati wowote. Lakini muhuri hauandiki barua. Mahali ambapo watu walikaa wakazungumza mpaka wakaelewana, kura ilitia nguvu makubaliano yao. Mahali ambapo kura ililetwa ili kukwepa mazungumzo, iliacha majeraha. Historia yetu, ya majirani zetu na ya nchi hii tunayoishi inaonyesha hivyo.

Muungano wetu na muungano wao

Hati za Muungano zilitiwa saini Zanzibar tarehe 22 Aprili 1964 na Mwalimu Julius Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume. Siku nne baadaye, tarehe 26 Aprili, nchi mbili zikawa moja. Bunge la Tanganyika liliridhia hati hizo. Wananchi hawakupiga kura. Wazee wanaoutetea uamuzi huo hutukumbusha hali ya wakati ule: Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa yametokea Januari 12, jeshi la Tanganyika liliasi mwezi huohuo, na mataifa makubwa yalikuwa yakivutana kila upande wa dunia. Wanasema hapakuwa na nafasi ya kufanya kampeni. Wanaoulaumu husema kwamba jambo lisiloulizwa siku ya kwanza huulizwa kila siku baada ya hapo. Kwa miaka 60 tumeyasikia maneno yote mawili, kwenye misiba, kwenye harusi na hata kwenye mikutano ya jumuiya yetu hapa Sydney.

Sasa tutazame muungano wa wenyeji wetu. Australia nayo ilizaliwa kwa kuunganisha makoloni sita yaliyokuwa yakijitawala kwa mambo mengi. Mazungumzo yao yalichukua takriban miaka kumi, na rasimu za katiba zilijadiliwa katika mikutano mikubwa ya mwaka 1891 na ya 1897 hadi 1898. Wananchi walipoulizwa mwaka 1898, koloni la New South Wales, yaani hapa kwetu Sydney, lilikwamisha mpango. Waliosema ndiyo walikuwa wengi kuliko waliosema hapana, lakini sheria ilitaka kura za ndiyo zisipungue 80,000, na hazikufika. Viongozi hawakuwatukana wananchi wala kulazimisha. Walirudi mezani Januari 1899, wakarekebisha vipengele kadhaa. Kimojawapo kilikuwa kwamba makao makuu yatakuwa ndani ya New South Wales, lakini si chini ya maili 100 kutoka Sydney. Mtoto akikuuliza kwa nini Canberra iko kule ilipo, hilo ndilo jibu: ni matunda ya kura ya maoni iliyokwama na watu waliokubali kurudi mezani. Mwaka huohuo watu wakaulizwa tena, wakakubali.

Tusiwapambe kupita kiasi. Wanawake katika makoloni mengi hawakuruhusiwa kupiga kura zile, na wenyeji wa asili wa nchi hii kwa sehemu kubwa waliachwa nje kabisa. Ardhi yao iliunganishwa kuwa taifa bila wao kuulizwa, na Katiba iliyozaliwa ilikuwa na vifungu vilivyowabagua.

Wala kura ile haikumaliza ubishi milele. Western Australia ilikubali kujiunga kwa kura ya tarehe 31 Julai 1900. Mwaka 1933 jimbo hilohilo likapiga kura nyingine, na karibu theluthi mbili wakasema wanataka kutoka. Walipeleka ombi lao London, na Bunge la Uingereza likakataa kulishughulikia. Theluthi mbili ya watu wa jimbo walitaka kuondoka, na hawakuondoka. Kwa hiyo tunaposikia mtu nyumbani akisema "iitishwe kura tu, tumalize", tunapaswa kumwuliza: kura hiyo ataitisha nani, itamfunga nani, na jibu likishapatikana litatekelezwa vipi?

Wakati wengi walisema moja, tume ikasema jingine

Kisa cha pili ni cha mwaka 1991, na wengi wetu tuliokuwa wakubwa wakati ule tunakikumbuka. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima, Bara na Visiwani, kuuliza kama tuendelee na chama kimoja au turuhusu vyama vingi. Hii haikuwa kura ya maoni. Watu walitoa maoni yao mikutanoni na kwa maandishi, na zaidi ya watu 36,000 walisikilizwa. Karibu wanane katika kila kumi walitaka tuendelee na chama kimoja, ingawa wengi wao walitaka mageuzi ndani yake. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, na kuanzia Julai 1992 sheria ikaviruhusu.

Kama ingekuwa kura ya ndiyo na hapana, tungebaki na chama kimoja. Je, ilikuwa haki kuwapa wachache walichotaka? Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba watu wawili katika kumi si wachache wa kupuuzwa, na kwamba katika vyama vingi anayetaka kubaki na chama chake hakatazwi, ila katika chama kimoja anayetaka chama kingine hana pa kwenda. Hoja hiyo bado ina uzito. Wazee wetu walisema wengi wape, usipowapa watachukua. Lakini msemo huo tumezoea kuumalizia: wachache nao wasikilizwe. Haki ya mtu kukutana na wenzake, kuabudu, kusema na kuchagua haipaswi kuwekwa sokoni ili wenye idadi kubwa wainunue.

Zanzibar, 31 Julai 2010

Mfano bora zaidi tulio nao ni wa Zanzibar. Baada ya vyama vingi kurudi, kila uchaguzi wa Visiwani uliacha uchungu. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2000, maandamano ya Januari 2001 yalimalizika kwa watu kuuawa, hasa Pemba, na wengine wakakimbilia Kenya. Miafaka ilitiwa saini mwaka 1999 na 2001, lakini haikuleta utulivu wa kudumu.

Kura ya maoni ilipopendekezwa mara ya kwanza kuhusu kugawana madaraka, ilikataliwa. Hiyo ilikuwa Machi 2008, Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Butiama na kusema makubaliano yapelekwe kwa wananchi. CUF ililiona pendekezo hilo kuwa njia ya kuchelewesha, na mazungumzo yakavunjika. Kumbe miaka miwili tu baadaye kura hiyohiyo ikapigwa, na pande zote mbili zikaifanyia kampeni ya ndiyo. Nini kilibadilika katikati?

Kilichobadilika ni kwamba watu wawili walikaa pamoja. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu ya Zanzibar, na yakaanza yale tunayoyaita Maridhiano. Januari 2010 Baraza la Wawakilishi likajadili na kukubaliana juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Ndipo wananchi wakaulizwa tarehe 31 Julai 2010, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Barua ilikuwa imeandikwa, kura ikaipiga muhuri. Uchaguzi wa Oktoba mwaka huo ulikuwa na tofauti ndogo sana: Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1. Kwa tofauti kama hiyo, zamani tungetarajia mabaya. Safari hii matokeo yalipokelewa kwa amani, na Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: marekebisho yale ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 2010 yaliweka sharti kwamba baadhi ya vifungu vyake haviwezi kubadilishwa tena bila kura ya maoni. Wazanzibari waliamua kwamba mlango walioufungua kwa kura usifungwe na kikao.

Lakini hata muhuri huo haukuzuia kila kitu. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, CUF ikasusia uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, na Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikasimama. Ilirudi baada ya uchaguzi wa 2020, Maalim Seif alipoapishwa tena mwezi Desemba chini ya Rais Hussein Mwinyi, miezi michache kabla ya kufariki Februari 2021. Somo ni kwamba kura haiwafanyi watu waaminiane. Inahifadhi kuaminiana kulikokwisha kupatikana, na kuaminiana huko kunahitaji kutunzwa kila siku.

Majirani zetu

Kenya wanatupa mfano wa pande zote mbili. Rasimu ya katiba iliyojadiliwa katika mkutano wa Bomas mwaka 2003 na 2004 ilibadilishwa kabla ya kufika kwa wananchi, hasa katika madaraka ya rais. Kura ikapigwa tarehe 21 Novemba 2005. Ndizi ilikuwa alama ya ndiyo, chungwa alama ya hapana. Chungwa likashinda kwa takriban asilimia 58. Lakini kampeni zilikuwa zimewagawa watu kimkoa na kikabila, na chungwa likageuka kuwa jina la chama. Miaka miwili baadaye, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,000 waliuawa. Hatusemi kura ya 2005 ndiyo iliyoua. Tunasema iliwapanga watu mistari miwili, na hakuna aliyewarudisha pamoja.

Baada ya msiba huo walirudi mezani kwa kusaidiwa na Kofi Annan. Kamati ya Wataalamu ikaandika upya, rasimu ikasomwa na kubishaniwa, na tarehe 4 Agosti 2010, siku nne tu baada ya Zanzibar, asilimia 67 wakasema ndiyo. William Ruto, aliyekuwa mstari wa mbele upande wa hapana, ndiye aliyeapishwa kuwa rais chini ya katiba hiyohiyo mwaka 2022. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: aliyeshindwa abaki na mahali pa kukaa.

Uganda nao waliulizwa mwaka 2000 kama waendelee na mfumo wa Movement usio na vyama, na takriban asilimia 90 wakasema ndiyo. Mwaka 2005 wakaulizwa tena kama warudishe vyama vingi, na zaidi ya asilimia 90 wakasema ndiyo. Ndani ya miaka mitano wananchi walewale walijibu mambo mawili yanayopingana, na mara zote mbili jibu lilikuwa lile ambalo serikali ililitaka. Kura ya namna hiyo ina wapiga kura wengi na mazungumzo machache.

Kura tunayodaiwa

Tumefika kwenye deni letu wenyewe. Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ilipitishwa mwaka 2011. Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi kuanzia 2012, na mwisho wa 2013 ikakabidhi rasimu ya pili, iliyopendekeza muundo wa serikali tatu. Bunge Maalumu la Katiba likaanza Februari 2014 mjini Dodoma. Likagawanyika juu ya muundo huo, na tarehe 16 Aprili wajumbe wa UKAWA wakatoka nje na hawakurudi. Waliobaki waliendelea, na tarehe 2 Oktoba 2014 wakapitisha Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili.

Kura ya maoni ikapangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015. Mapema mwezi huo Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikaiahirisha, kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine mpya haukuwa umekamilika. Haijapangiwa siku nyingine mpaka leo.

Kuna sharti moja katika sheria ile ambalo tungependa vijana wetu walifahamu, kwa sababu linafanana sana na la hapa. Ili katiba ipite, ilitakiwa ipate zaidi ya nusu ya kura za Tanzania Bara na pia zaidi ya nusu ya kura za Zanzibar. Kila upande peke yake. Sababu yake iko kwenye hesabu. Kwa sensa ya mwaka 2022 Tanzania ina watu milioni 61.7, na Zanzibar ni kama milioni 1.9 kati yao, yaani watu watatu katika kila mia. Kura zikichanganywa kapu moja, Zanzibar nzima inaweza kusema hapana na isionekane. Sharti la pande mbili linawapa watatu wale sauti sawa na wale tisini na saba.

Australia nao wana sharti la aina hiyo. Kwa kifungu cha 128 cha Katiba yao, badiliko linahitaji wingi wa kura za nchi nzima na pia wingi katika majimbo manne kati ya sita. Waliliweka ili Tasmania ndogo isimezwe na Sydney na Melbourne. Ndiyo maana katika maswali 45 waliyoulizwa tangu 1901, ni 8 tu yaliyopita. La mwisho kupita lilikuwa mwaka 1977.

Tulichokiona hapa mwaka jana

Sasa turudi kwenye ile kura ya Oktoba 2023. Swali lilikuwa kama Wenyeji wa Asili na watu wa visiwa vya Torres Strait watambuliwe katika Katiba kwa kuundiwa chombo cha kutoa sauti yao kwa Bunge na Serikali. Takriban asilimia 60 walisema hapana, na hakuna jimbo hata moja lililosema ndiyo. Familia zetu zenye uraia wa hapa nazo ziligawanyika. Wapo walioona kwamba sisi tuliotoka nchi zilizotawaliwa tuna wajibu wa kusema ndiyo. Wapo walioona pendekezo halikuelezwa vya kutosha. Hatukusudii kuirudia kampeni ile hapa. Kila mmoja alipiga kura yake kwa dhamiri yake.

Tunachotaka kukiangalia ni njia yenyewe. Watu hao ni karibu wanne katika kila mia ya wakazi wa Australia, uwiano usiotofautiana sana na ule wa Zanzibar ndani ya Muungano. Lakini wao hawana jimbo lao. Sharti la wingi wa majimbo linailinda Tasmania, haliwalindi wao. Kwa hiyo swali lililowahusu wanne liliamuliwa na tisini na sita. Mwaka 1967 jambo kama hilo lilikwenda vizuri: zaidi ya asilimia 90 walikubali kuondoa vifungu viwili vilivyowatenga. Lakini wakati ule vyama vikubwa vilikubaliana. Mwaka 2023 havikukubaliana, na katika historia ya nchi hii ni vigumu sana kura ya maoni kupita bila pande zote mbili kuiunga mkono. Tena tunaiona kanuni ileile ya Zanzibar ya 2008 na 2010.

Tusisahau upande wa pili wa mizani. Mwaka 1951 serikali ya Robert Menzies iliomba mamlaka ya kukipiga marufuku Chama cha Kikomunisti. Mwanzoni ilionekana wazi wengi wanaunga mkono. Kampeni ikaendelea, kiongozi wa upinzani H. V. Evatt akazunguka nchi akieleza hatari ya serikali kuamua nani ana haki ya kuwa na chama, na siku ya kura hapana ikashinda kwa tofauti ndogo. Wananchi walibadili mawazo kwa sababu walipewa muda na hoja. Hata leo, kabla ya kura ya maoni, kila nyumba hapa hupelekewa kijitabu chenye hoja za ndiyo na hoja za hapana, kwa gharama ya serikali. Hicho ni kitu kidogo ambacho tungependa kukiona nyumbani: kijitabu cha Kiswahili, kurasa za pande zote mbili, katika kila kaya kuanzia Kigoma hadi Micheweni.

Tunasema nini, basi?

Je, mambo makubwa ya taifa yaamuliwe kwa kura ya maoni? Tunasema ndiyo, kwa yale yanayohusu msingi wa nchi: katiba mpya, muundo wa Muungano, mipaka ya madaraka ya rais. Mambo hayo si mali ya bunge la miaka mitano. Lakini tunaongeza masharti matatu ambayo historia imetufundisha.

La kwanza, mazungumzo yatangulie na wapinzani wawe ndani ya chumba. Kama kura ingepigwa Aprili 2015, huenda tungepata chungwa na ndizi zetu. Kuahirishwa kwake kulituepusha na hatari hiyo, lakini miaka 10 ya kunyamaza si mazungumzo. Dawa si kutangaza tarehe mpya tu. Dawa ni kurudi mezani, kama walivyofanya watu wa New South Wales mwaka 1899 na Wakenya mwaka 2008.

La pili, walio wachache wawe na mizani yao, kama sharti la Bara na Zanzibar. Siku sheria hiyo ikiandikwa upya, sharti hilo ndilo la kwanza kulindwa.

La tatu, haki za msingi za watu zisifanywe swali la kura. Mwaka 1992 tulizipa nafasi bila kuhesabu vichwa, na hakuna leo anayetaka turudi nyuma.

Na sisi tulio huku je? Ukweli ni kwamba kura hiyo ikipigwa kesho, wengi wetu hatutaipiga. Waliochukua uraia wa Australia wamepoteza ule wa Tanzania kwa sheria, na wenye pasi ya Tanzania hawana kituo cha kupigia kura nje ya nchi. Lakini tunapiga simu nyumbani kila wiki. Tunatuma ada, tunajenga, tunazika. Ndugu zetu hutuuliza tunaonaje, na tukisema, husikilizwa. Kwa hiyo tuseme tukiwa tumesoma. Rasimu ya Warioba na Katiba Inayopendekezwa zote zipo kwa Kiswahili. Tunawaomba wazazi wazisome pamoja na watoto wao, ukurasa kwa ukurasa, wakilinganisha kile kilichoondolewa na kile kilichobaki. Mtoto atajifunza Kiswahili, na mzazi atakuwa na la kujibu akiulizwa tena kwa nini sisi hatukuulizwa. Atamwambia kwamba bado tunadaiwa swali hilo, na kwamba kazi ya kuliandika vizuri ni ya kizazi chake pia.

Tunawatakia wanajumuiya wote, wa Bara na wa Visiwani, heri ya Sikukuu ya Uhuru.